Tela Nyuma ya Gari: Mafuta Yanakwenda Wapi?

Huenda na wewe una ndugu mwenye gari kubwa, moja la yale ambayo watu wa mjini huyaita mashangingi, au Land Cruiser la aina ya Hardtop lililozeeka lakini halijachoka. Kama unaye, basi hapana shaka siku moja mtu wa ukoo wenu amesema, "Mbona gari lipo? Tuazime tela, tufunge vitu nyuma, twende zetu. Mafuta ni yaleyale." Leo nataka kuzungumza nawe juu ya maneno hayo matatu ya mwisho. Nami nayajua vizuri, maana niliyasema mwenyewe, mbele ya kikao cha ndugu, na yakatugharimu.

SAFARI YA KWANZA

Mdogo wangu alifariki Dar es Salaam akaacha mke na watoto watatu. Baada ya mwaka mmoja shemeji akaona nyumba ya kupanga imemshinda, akaamua kurudi kwao Iringa, ambako kuna nyumba ndogo na shamba. Ndugu wakachanga fedha za safari. Nikaulizwa, "Mzee, gari lako litakula kiasi gani?" Nikajibu bila kusita. Gari langu ni Hardtop lenye injini ya dizeli ya lita 4.2, silinda sita, isiyo na tabo, nami nilijua tangu siku nyingi kwamba barabarani hunipa kilomita nane kwa lita moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500. Hesabu ya mtoto wa shule: lita 63. Nikaongeza za tahadhari, nikasema 75. Wakatoa fedha za lita 75, wala hakuna aliyeniuliza juu ya tela.

Tela lenyewe tuliliazima kwa jirani. Tupu lilikuwa na kilo 300 hivi, na mzigo tuliopakia ulikuwa kama kilo 900: vitanda, sufuria, cherehani, magunia mawili ya mchele, na kabati la nguo ambalo tulilisimamisha wima mbele kabisa. Magodoro tukayalaza juu ya kila kitu, tukafunga turubai. Ukilitazama tela lile kwa nyuma, lilipita paa la gari kwa kimo cha mtoto wa miaka mitano. Sisi tukajisifu kwa kufunga vizuri.

Basi tukaondoka alfajiri. Hadi Morogoro sikuona kitu cha ajabu, ila niligundua kwamba gia ya tano haikai. Kila nikiiweka, gari linazubaa, nami narudi gia ya nne na kukanyaga mafuta zaidi. Nilikuwa na haraka, nikashika mwendo wa 90 kila palipofunguka. Tukapita Mikumi, ambako barabara hukata katikati ya hifadhi ya wanyama kwa kilomita 50 hivi, watoto wakahesabu twiga na pundamilia. Mimi nilikuwa nahesabu kitu kingine. Geji ya mafuta ilikuwa imeshuka chini ya robo, na nusu ya safari ndiyo kwanza tumeipita.

Kabla hatujafika Ruaha Mbuyuni, pale wanapouza vitunguu kando ya barabara, mshale uligusa mstari mwekundu. Mbele yetu ulikuwa mlima Kitonga. Nikasimamisha gari chini ya mbuyu, nikajifanya nakagua kamba za turubai. Shemeji akashuka, akanitazama, wala hakuuliza. Akafungua mkoba wake, akatoa bahasha. "Shemeji, chukua hii," akasema. Ilikuwa ni fedha za sare za watoto, ambao walikuwa waanze shule mpya Iringa Jumatatu ile.

Nilinunua lita 25. Tukapanda Kitonga kwa gia ya pili tukitoa moshi mweusi, tukafika Iringa jioni. Watoto walianza shule na sare za zamani za Dar es Salaam, za rangi nyingine kabisa, na mkubwa wao alichekwa wiki mbili nzima. Nilipokadiria kilichobaki tangini, nilikuta tumetumia lita 91 hivi. Yaani kilomita tano na nusu kwa lita, si nane. Lita 28 zimepotea, nami sikujua zimekwenda wapi.

Nimetumia muda kulitafuta jibu, kwa kuuliza mafundi na kupiga hesabu usiku. Haya ndiyo niliyoyapata, na naamini yatakufaa hata kama gari lako si la aina hiyo.

MLIMA KITONGA UMESINGIZIWA

Kila mtu niliyemweleza habari hii alisema, "Ah, ni ule mlima." Nami nilidhani hivyo. Lakini hebu tufanye hesabu pamoja. Lita moja ya dizeli ina nguvu nyingi sana ndani yake, ila injini hugeuza theluthi moja tu kuwa kazi ya kuzungusha magurudumu. Nyingine zote hutoka kama joto kwenye rejeta na ekzosi. Kwa theluthi hiyo, kuinua tani moja juu mita 1,000 huhitaji chini kidogo ya lita moja. Sasa gari langu pamoja na watu, mizigo na tela vilikuwa tani nne. Kutoka Mbuyuni hadi Iringa ni kupanda kama mita 1,000. Basi kupanda kwenyewe kulitaka lita tatu na kitu. Ukichukua safari nzima, kutoka pwani hadi Iringa iliyo kwenye kimo cha mita 1,600 hivi, ni kama lita tano. Na sehemu ya tela peke yake katika hizo tano haifiki hata lita mbili.

Umeona? Mlima unatisha kwa sababu unausikia. Injini inaunguruma, geji ya moto inapanda, mke anashika kiti. Lakini mwizi mkubwa hakuwa pale.

Hata hivyo mlima una dhambi yake nyingine ndogo. Injini isiyo na tabo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na kadiri upandavyo hewa huwa nyepesi. Iringa, hewa ni pungufu kwa kama sehemu 15 kwa mia kuliko ya pwani. Dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho, dizeli inamiminika lakini hewa ya kuiunguza haitoshi. Ule moshi mweusi uliokuwa ukitoka nyuma yetu ni fedha za mchango zikipaa angani. Dawa yake ni kushusha gia mapema, kabla gari halijaanza kukwama, na kulegeza mguu kidogo. Gari litapanda polepole, lakini litapanda.

Na wakati wa kuteremka, tafadhali, usitoe gia ukidhani unabana mafuta. Madereva wengi wa zamani wana mazoea hayo. Gari likiwa ndani ya gia na mguu wako umeondoka kwenye mafuta, pampu ya dizeli hufunga, na injini huzungushwa na magurudumu bila kula kitu. Ukitoa gia, injini hulazimika kula ili isizimike. Basi hupati faida yoyote, na tena umeziachia breki tani nne peke yake kwenye kona za Kitonga. Mabaki ya magari yaliyoangukia bondeni pale ni ushahidi wa kutosha.

MWIZI MWENYEWE NI UPEPO

Umewahi kutembea na mwavuli uliofunguka huku upepo unakuja mbele yako? Basi kabati letu na magodoro yetu yalikuwa mwavuli wa namna hiyo, tukiusukuma kwa kilomita 500.

Gari la aina ya Hardtop limejengwa kama sanduku. Hilo peke yake husukuma hewa nyingi. Lakini mzigo uliopita juu ya paa husukuma hewa mpya ambayo gari halikuigusa, na zaidi ya hayo ule mwanya kati ya gari na tela huzungusha hewa kama maji kwenye kisima cha mto, nayo huvuta nyuma. Na upepo una tabia mbaya: hauongezeki sawasawa na mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo huzuia mara nne. Kutoka mwendo wa 75 hadi 90 waonekana ni kitu kidogo, lakini nguvu ya upepo huzidi kwa sehemu 44 kwa mia, karibu nusu nzima. Nami kwa haraka yangu nilishika 90 kutwa.

Kwa hesabu yangu, zaidi ya nusu ya zile lita 28 zilichukuliwa na upepo na mwendo. Ni jambo la kukera kidogo, kwa kuwa halikuhusu uzito hata kidogo. Kama tungepakia magodoro matupu, bila mchele wala cherehani, lakini kwa kimo kilekile na mwendo uleule, upepo ungechukua hakiyake bila kupunguza tone.

TAIRI NA MATUTA

Uzito wa tela hulipwa kwenye tairi. Kila tairi linapogusa barabara hujikunja na kujikunjua, na huko kujikunja hula nguvu. Kwa kilo 1,200 za tela, kwa kilomita 500, nilipata kama lita saba, na hizo huwezi kuzikwepa zote. Lakini tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi na hula zaidi, tena huchemka na huweza kupasuka. Tela letu lilikaa nyuma ya nyumba ya jirani miezi mingi. Je, nani alilipima upepo? Hakuna. Tulilipiga teke tairi, tukasema liko sawa. Siku hizi napima asubuhi, tairi zikiwa baridi, na sikubali kupimiwa kwa teke.

Halafu kuna matuta. Barabara zetu zina matuta kila kijiji, na kwa haki, maana watoto huvuka. Lakini lijue hili: kuifikisha tani nne kutoka kusimama hadi mwendo wa 80 hula kama sehemu ya kumi na mbili ya lita. Matuta kumi na mawili, lita moja imekwenda, na breki zimeigeuza kuwa joto. Mwenye busara akiona kibao cha kijiji huondoa mguu mapema, gari likapungua lenyewe, akafika kwenye tuta bila kuhitaji breki sana. Mwenye haraka hukimbia mpaka kwenye tuta, akakaza breki, akaruka, akakimbia tena. Wote wawili hufika pamoja kwenye mizani ya mbele wakikuta foleni ya malori.

PUA YA TELA

Hili si la mafuta hasa, lakini siwezi kuliacha, kwa sababu linaua. Tela lazima liiname kidogo kwenye ndoano ya gari. Kanuni inayotumika mahali pengi ni kwamba pua yake ibebe kama sehemu moja katika kumi ya uzito wote. Kwa tela la kilo 1,200, ni kilo 120. Mzigo mzito ukikaa nyuma, pua huwa nyepesi, na tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki, hasa mwendo ukizidi au lori kubwa likikupita. Likianza kuyumba usikaze breki na usikimbie. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani uwe umenyooka, uache mwendo upungue wenyewe. Mzigo mzito nao ukikaa mbele kupita kiasi, matako ya gari hushuka, magurudumu ya mbele hukosa kushika barabara vizuri, na taa zako usiku huwapofusha wenzako.

Tena uliza kama tela lina breki zake. Katika nchi nyingi za Ulaya na kule Australia, tela lisilo na breki haliruhusiwi kupita kilo 750. Lile la jirani lilikuwa na breki zinazojikaza lenyewe linaposukuma gari, na nashukuru. Lakini matela mengi yanayochomelewa mitaani hayana kitu. Usiseme "gari langu lina nguvu". Nguvu ya kuvuta hatuigombani. Land Cruiser la aina hiyo huko Australia huruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500, tela likiwa na breki zake. Swali ni nani atalisimamisha.

SAFARI YA PILI

Mwezi uliofuata tulirudia safari ileile kuchukua vitu vilivyobaki, maana nusu ya nyumba ilikuwa bado kwa jirani. Uzito tulijitahidi uwe uleule. Lakini mara hii meza na viti vilifunguliwa miguu, vikalazwa. Masanduku mazito tukayaweka chini kabisa, juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Godoro moja lililobaki tukalikunja likaingia ndani ya gari. Hakuna kilichopita kimo cha paa. Turubai tukalikaza hata ukilipiga linalia kama ngoma, kwa sababu turubai linalopepea nalo hula mafuta. Keria ya juu ya gari, ambayo ilikuwa tupu na imekaa pale miaka bila kazi, nikaiondoa. Nikashika mwendo wa 75, sikuupita. Mabasi yalinipita yote, na dereva mmoja wa basi alinipungia mkono kwa huruma.

Tulichelewa kama saa moja na nusu kuliko safari ya kwanza. Na mafuta? Lita 76 na nusu. Kilomita sita na nusu kwa lita, barabara ileile, mlima uleule, dereva yuleyule mwenye kipara.

Kama wataka kujua gari lako, usiliamini neno la mtu, hata la fundi. Jaza tangi mpaka pampu ikatike yenyewe, andika kilomita. Tembea, kisha jaza tena kwa namna ileile, ikiwezekana kituo kilekile, na uone lita ngapi zimeingia. Umetembea kilomita 270 zikaingia lita 48, gawanya, ni kilomita 5.6 kwa lita. Fanya hivyo mara moja bila tela na mara moja na tela, kabla ya safari ya kweli. Kutoka mjini hadi kijiji cha jirani na kurudi kutakupa picha. Kama huwezi kupima kabisa, basi bajeti iwe mara moja na nusu ya ile ya kawaida, na mbele ya ndugu usione haya kusema hivyo. Na jaza mafuta karibu na bandari kama mfuko waruhusu. Bei kikomo ambazo EWURA hutangaza kila mwezi huwa juu zaidi kadiri mji ulivyo mbali na pwani, na mafuta ya kwenye madumu kando ya njia sitaki hata kuyazungumza.

Labda utauliza, je, tela ni hasara basi? Hapana. Vitu vile bila tela vingetaka safari mbili za gari kila mara, kwenda na kurudi, karibu lita 250. Kwa tela, kwenda na mzigo na kurudi tupu, ni kama 160. Tela ni rafiki, ila anakula. Lakini kabla hujaliazima, muulize kwanza mwenye Fuso anayerudi Iringa tupu baada ya kushusha viazi au mbao. Huyo anatafuta mzigo wa kurudi nao, na bei yake yaweza kuwa chini ya tofauti ya mafuta. Mimi sikumuuliza, kwa kuwa nilikuwa na gari.

Bahasha ya shemeji niliijaza tena kabla ya mwisho wa mwezi, naye akaipokea bila kuhesabu. Mtoto wake mkubwa, yule aliyechekwa, ndiye aliyeandika kilomita na lita safari ya pili, katika daftari ambalo hata leo limo kwenye kidroo cha gari. Mimi husema tuliokoa lita 14. Yeye hunisahihisha kila mara kwamba ni 14 na nusu, nami humwambia kwamba ile 91 ilikuwa ya kukadiria tu, naye husema basi tungeipima.